Ruzuku kwa Kaya Maskini na Tatizo la Mikoa Iliyobaki Nyuma

Tangu mwaka 2012 nchi yetu imekuwa na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF. Mfuko wenyewe ulianza mwaka 2000, na katika miaka yake ya mwanzo kazi yake kubwa ilikuwa kusaidia vijiji kujenga madarasa, zahanati, visima na barabara. Mpango wa mwaka 2012 ulileta jambo jipya: fedha taslimu zinatolewa mkononi mwa kaya iliyo maskini kuliko nyingine kijijini. Kufikia mwaka 2015 zaidi ya kaya milioni moja zilikuwa zimeandikishwa, yaani karibu Mtanzania mmoja katika kila kumi. Kipindi cha pili kilizinduliwa Februari 2020 kwa shabaha ya kuvifikia vijiji, mitaa na shehia zote, kwa kuwa kipindi cha kwanza kilikuwa kimefikia asilimia 70 tu.

Jambo linalogusa watu wengi kiasi hiki haliwezi kuachiwa wataalamu peke yao. Kada wa Chama anayekaa kijijini huulizwa habari za mpango huu kila siku, na mara nyingi hujibu kwa kubahatisha. Wapo wanaojibu kwamba umaskini sasa umepata dawa. Wapo wengine wanaojibu kwamba Serikali inafuga wavivu. Sisi tunaona kwamba majibu yote mawili ni ya makosa, na kwamba yanatokana na kosa moja la msingi, ambalo ni kutotofautisha umaskini wa kaya na umaskini wa mkoa. Katika makala hii tunakusudia kulieleza kosa hilo, na kuonyesha lina madhara gani kwa kazi yetu.

RUZUKU IMEFANYA NINI

Tuanze na haki. Kabla ya kuenezwa nchini, mpango huu ulijaribiwa katika baadhi ya vijiji vya wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na vijiji hivyo vikalinganishwa na vingine ambavyo havikupata fedha. Matokeo yake yanafaa kukumbukwa na kila anayesema kwamba maskini akipewa fedha atakwenda kuzinywa. Kaya zilizosaidiwa zilinunua mifugo. Zilinunulia watoto viatu. Zilijiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii kwa wingi kuliko zile ambazo hazikusaidiwa, na zilizokuwa maskini zaidi ziliweka akiba. Tathmini ya kipindi cha kwanza cha mpango kamili nayo ilionyesha kwamba miongoni mwa kaya zilizohusika umaskini wa mahitaji ya msingi ulipungua kwa asilimia 10, na ule uliokithiri kwa asilimia 12.

Hayo si mambo madogo. Mama anayepokea fedha miezi ya kabla ya mavuno halazimiki kuuza mahindi yake yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa. Halazimiki kuacha shamba lake likamezwa na magugu huku yeye akipalilia la tajiri ili apate chakula cha siku hiyo. Kwa maneno mengine, ruzuku kidogo humwachia mnyonge nguvu zake za kufanya kazi azitumie kwa faida yake mwenyewe. Anayeiita hali hiyo uvivu hajui kazi ni nini, au anajua vizuri sana na anasikitika kwamba vibarua wa bei rahisi wamepungua.

HESABU ISIYOFICHIKA

Hata hivyo lazima tufanye hesabu, maana siasa isiyofanya hesabu ni maneno matupu. Katika viwango vya kipindi cha kwanza kila kaya ilipata ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Kaya yenye watoto iliongezewa shilingi 4,000. Mtoto wa shule ya msingi aliyehudhuria masomo aliongeza shilingi 2,000. Basi kaya ya mama mwenye watoto wawili katika shule ya msingi ilipata shilingi 18,000 kwa mwezi, zikilipwa kila baada ya miezi miwili. Kiwango cha juu kabisa ambacho kaya yoyote iliweza kufikia kilikuwa shilingi 38,000.

Sasa tulinganishe. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2011/12 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 36,482 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Utafiti wa mwaka 2017/18 uliupandisha hadi shilingi 49,320, kwa sababu bei za vitu zilikuwa zimepanda. Maana yake ni kwamba fedha za yule mama na wanawe wawili hazikufika hata nusu ya mahitaji ya mtu mzima mmoja kwa kipimo cha 2011/12, na kila mwaka uliopita viwango vikiwa vile vile zilizidi kupungua nguvu. Ajira ya muda ililipwa shilingi 2,300 kwa siku, siku 15 kwa mwezi, kwa miezi minne ya mwaka. Jumla ni shilingi 138,000 kwa mwaka mzima.

Hatusemi hivi kwa kudharau. Tunasema ili kila mtu ajue ukubwa wa chombo tulichonacho. Katika Tanzania Bara umaskini wa mahitaji ya msingi ulipungua kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi asilimia 26.4 mwaka 2017/18, hiyo ikiwa ndiyo miaka mpango ulipoenea. Kwa kuwa watu waliongezeka, idadi ya maskini wenyewe haikupungua. Ruzuku ni fimbo ya kumwezesha mtu kusimama. Kumwambia kwamba fimbo hiyo ndiyo gari la kumfikisha safari yake ni kumdanganya.

MASHARTI NI YA NANI

Wazo la kutoa fedha kwa masharti halikuzaliwa hapa. Lilianza kupata umaarufu Amerika ya Latini: Mexico mwaka 1997, na Brazil, ambayo mwaka 2003 iliunganisha mipango yake chini ya jina la Bolsa Família. Sharti lenyewe ni kwamba mtoto mdogo apelekwe kliniki na mkubwa ahudhurie shule, la sivyo sehemu ya fedha ikatwe.

Sharti hilo linaonekana la busara, na mahali penye shule na zahanati ni la busara kweli. Lakini sharti hudai kitu kutoka upande mmoja tu. Mama akikosa kumpeleka mtoto kliniki anakatwa. Zahanati ikikosa dawa au mganga, nani anakatwa? Darasa likiwa na watoto 100 na mwalimu mmoja, nani anakatwa? Katika wilaya iliyo karibu na mji sharti hili ni jepesi. Katika kijiji cha bondeni ambacho mvua ikinyesha hakifikiki, sharti lile lile ni mzigo. Kwa hiyo kanuni moja kwa watu wote, ikitumika juu ya mikoa isiyolingana, huzaa matokeo yasiyolingana: mkoa wenye huduma hupata fedha kamili, na mkoa usio na huduma huadhibiwa kwa kukosa huduma. Hapa ndipo umaskini wa mkoa unapojitokeza ndani ya hesabu za kaya, hata kama fomu hazikuuweka.

MKOA HAUKUBAKI NYUMA WENYEWE

Neno "mikoa iliyobaki nyuma" hutumiwa kana kwamba mikoa hiyo ilisinzia njiani wenzake wakaendelea. Historia inasema vingine. Kigoma haikuwa maskini wa ardhi wala wa mvua. Wakoloni waliifanya ghala la nguvukazi. Vijana wake waliandikishwa kuwa manamba wakasafirishwa kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao maalumu cha kuwakusanya. Mkonge ulijenga reli, bandari na miji huko ulikolimwa. Kule walikotoka wakataji yalibaki mashamba yaliyolimwa na wake na wazee.

Kusini ni hivyo hivyo. Baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Waingereza walipoleta mradi wa karanga mwaka 1947 walijenga bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ukafa mwaka 1951, na reli ikang'olewa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru. Daraja la Rufiji, lenye jina la Rais Mkapa, lilifunguliwa mwaka 2003. Kwa zaidi ya miaka 40 ya uhuru wetu, basi, mkulima wa Lindi alisubiri kivuko ili afike soko la Dar es Salaam.

Na makosa mengine ni yetu wenyewe, na hatuna sababu ya kuyaficha. Mwaka 1973/74 nchi ilikusanya tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: ugonjwa wa ubwiriunga, bei mbaya, na pia namna tulivyowahamisha watu vijijini bila kujali mikorosho yao iko wapi. Mtu aliyehamishwa mbali na miti yake hawezi kuipalilia. Zao lilipofufuka na kuanza kuleta fedha nyingi, mwaka 2018 sheria ilibadilishwa ili ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje uingie wote katika Mfuko Mkuu wa Serikali, badala ya sehemu yake kubwa kutumika kuendeleza zao hilo. Tazama basi mzunguko wenyewe: fedha zinatoka kusini kwa njia ya zao, halafu zinarudi kidogo kidogo kwa njia ya ruzuku kwa mwenye dhiki. Mwenye kuitazama ruzuku peke yake ataona mkono unaotoa, bali hatauona mkono uliochukua.

TULIWAHI KULENGA MKOA, TUKASAHAU KAYA

Msomaji anaweza kuuliza kama tunataka kurudi tulikotoka. Swali hilo ni zuri. Baada ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 nchi ilianza kutunga mipango kamambe ya maendeleo ya mikoa. Kila mkoa ulitafutiwa mfadhili wake: Kigoma Benki ya Dunia, Tanga Ujerumani ya Magharibi, Mtwara na Lindi Finland. Mkoa ukawa ndio kipimo. Lakini mipango mingi ilitungwa na wageni, ikaendeshwa kwa magari na mafuta ya wageni, na wageni walipoondoka mitambo ilinyamaza. Kaya maskini ndani ya mkoa haikuulizwa kitu. Ilihesabiwa tu kwamba mkoa ukipata trekta na yeye amepata.

Hata hivyo wakati ule palikuwa na chombo kingine ambacho watu wengi hawakihesabu kuwa ruzuku. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mazao nchi nzima. Mkulima wa Rukwa au Ruvuma aliuza mahindi kwa bei ile ile ya mkulima aliye karibu na Dar es Salaam, na gharama ya lori ilibebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa. Hiyo ilikuwa ruzuku kwa mkoa wa mbali, nayo ilipitia katika jembe la mkulima. Matokeo yake mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ikawa ghala la mahindi la taifa. Ni kweli pia kwamba Shirika lilielemewa na madeni, wakulima walicheleweshewa malipo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 utaratibu ule ulivunjwa. Ulikuwa na kasoro ya gharama, lakini ulielewa jambo ambalo mpango wa leo haujalielewa, kwamba mtu wa mbali ni maskini kwa sababu ya umbali.

Ushahidi uko Rukwa kwenyewe. Huu ni mkoa wa chakula. Hata hivyo utafiti wa mwaka 2017/18 uliukuta na kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya Bara cha umaskini wa mahitaji ya msingi, karibu asilimia 45, wakati Dar es Salaam ilikuwa na asilimia 8. Mtu anayelima mahindi ya kulisha wengine na bado akashindwa kununua sabuni na dawa hana upungufu wa bidii. Upungufu wake ni wa bei, barabara, ghala na chama cha ushirika kinachomtetea. Ukimpa shilingi 18,000 kwa mwezi umempunguzia machungu, na ni vema. Lakini akipoteza zaidi ya hizo kwa kila gunia analomuuzia mlanguzi wakati wa mavuno, basi sehemu ya ruzuku ya taifa imemfikia mlanguzi kwa mkono wa maskini.

Kosa la leo, kwa hiyo, ni kinyume cha lile la jana. Zamani tulilenga mkoa tukasahau kaya. Sasa tunalenga kaya tunasahau mkoa.

ORODHA NA MADARAKA YA WANANCHI

Katika lugha ya mpango mtu anayesaidiwa huitwa "mlengwa". Tulitafakari neno hili. Mlengwa ni yule anayelengwa na mwingine. Hasemi, hachagui, kazi yake ni kukaa pale alipo ili afikiwe. Kwa utaratibu uliowekwa orodha ya kaya maskini huanzia katika mkutano wa kijiji, kisha hupimwa kwa maswali ya kitaalamu yanayochambuliwa mbali na kijiji. Nia ni kuzuia upendeleo. Lakini jina likikatwa, mwenyekiti wa kijiji hawezi kueleza sababu, na mama aliyekatwa hana wa kumuuliza.

Wala upendeleo haukuzuilika. Uhakiki uliofanywa katika kipindi cha kwanza uligundua makumi ya maelfu ya kaya zisizostahili: za waliofariki, waliohama, wasio maskini, na nyingine ambazo hazikuwapo kabisa, zile zilizoitwa "kaya hewa". Kaya hewa haijiandikishi. Imeandikwa na mtu anayejua kusoma, mwenye cheo kijijini, na mara nyingi mwenye kadi ya Chama mfukoni. Tukilinyamazia jambo hili tutakuwa tumewaachia wengine kazi yetu ya kujikosoa. Kiongozi anayeingiza jina la shemeji yake katika orodha ya maskini ni mnyonyaji sawa na mlanguzi, tena ni mbaya zaidi, kwa kuwa mlanguzi hakuapa kuwatumikia wanyonge.

HAKI AU FADHILA

Zanzibar imetoa mfano tofauti, nao unafaa kuchunguzwa. Tangu Aprili 2016 kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 au zaidi anayetimiza masharti ya ukaazi hupata pensheni jamii. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Haiulizi nani maskini na nani si maskini. Inalipwa kutoka bajeti ya Serikali yenyewe. Kwa sababu hiyo haina kaya hewa za kupachika kwa urahisi, na mzee hana wa kumshukuru wala wa kumwogopa. Mpango wa Bara, kwa upande wake, umetegemea sana mikopo: Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 220 mwaka 2012, milioni 200 mwaka 2016 na milioni 450 mwaka 2019. Mkopo utalipwa na wote, akiwamo mkulima wa Rukwa. Kinachojengwa juu ya mkopo hutikisika mkopeshaji anapobadili mawazo, na kinachotolewa kama fadhila hunyang'anywa bila kelele.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Kutokana na haya tunatoa maoni manne. La kwanza, ruzuku iendelee, na viwango vyake vipandishwe kadiri bei zinavyopanda. Anayedai ifutwe kwa jina la kujitegemea amelielewa vibaya Azimio la Arusha, ambalo liliwataja watoto, wazee na walemavu kuwa ndio wenye haki ya kutegemea kazi ya wenzao. Hatuwezi kumwambia ajuza mwenye wajukuu yatima ashike jembe kwanza.

La pili, ajira za muda zifungwe katika mpango wa uzalishaji wa wilaya. Siku 60 za kazi za kaya 100 ni siku 6,000. Nguvu hiyo ikitumika kuchimba mifereji ya umwagiliaji, kutengeneza barabara ya kufika ghalani au kupanda mikorosho mipya, mkoa utabaki na mali baada ya fedha kuliwa. Ikitumika kufyeka nyasi za ofisi, hakitabaki kitu.

La tatu, sharti limfunge mtoaji kabla ya mpokeaji. Pasipokuwa na mganga au mwalimu wa kutosha, fedha isikatwe, na mkurugenzi wa halmashauri atoe maelezo mbele ya mkutano wa hadhara.

La nne, orodha ibandikwe ukutani, isomwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji kila mwaka, na kila jina linaloingia au kutoka litolewe sababu ambayo bibi asiyejua kusoma anaweza kuielewa na kuipinga.

Kada akisimama kijijini asijigambe kwamba Chama kimewapa watu fedha, maana fedha hizo ni zao. Aulize badala yake gunia la mahindi limeuzwa bei gani msimu huu, lori limefika mwezi gani, zahanati ina dawa, na orodha imeandikwa na nani. Majibu ya maswali hayo manne yatamwonyesha kama umaskini wa pale unapungua, au kama kaya zinanusuriwa leo ili ziandikishwe tena mwakani.